Kabla Shuka Halijalowa

Mvua ya Kericho ina saa zake. Asubuhi jua huwaka juu ya mashamba ya chai, na kufikia saa tisa alasiri hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria imeshakutana na ubaridi wa vilima na msitu wa Mau, basi maji yanamwagika. Ni mvua hii iliyozivuta kampuni za Brooke Bond na James Finlay kuja kupanda chai hapa katika miaka ya 1920, na ndiyo inayofanya jani la Kericho na Bomet lichumwe mwaka mzima. Mkulima huishukuru. Mfuaji wa hospitali huiangalia kwa wasiwasi. Shuka zito lililoanikwa adhuhuri bado ni bichi wingu linapofunga, na likinyeshewa linabaki kuwa deni la kesho. Wakati huohuo, wodini kuna mzee aliyepooza upande mmoja, ameshabadilishiwa mashuka mara mbili tangu alfajiri, na usiku unaokuja ni wa baridi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu asiyeweza kujigeuza akilala amelowa katika baridi hiyo, mwili wote unapoa.

Kuna ufundi mmoja wa wauguzi ambao sijausikia ukisifiwa hadharani, nami nataka kuusifu taratibu: kujua kwamba mgonjwa anakaribia kujikojolea kabla hajajikojolea. Wahandisi wa Ulaya, Marekani na Japani wameuhangaikia kwa zaidi ya miaka mia moja, na leo wana vitanda vyenye vihisi, vitambaa vinavyotuma taarifa kwa redio, na vifaa vidogo vinavyobandikwa tumboni. Navisifu pia. Lakini kila ninapojifunza vinavyofanya kazi, naishia kumwelewa zaidi muuguzi wa wodi ya wanaume ambaye hana hata kimoja.

Kwanza tujue anachokilinda. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni sehemu ya kinga yake. Mkojo ukikaa kwenye shuka, bakteria huvunja urea iliyomo na kutoa amonia; uchachu unapotea, ngozi inalainika na kufura. Kinyesi kikichanganyika humo, vimeng'enya vyake vinapata nguvu na kuanza kuila ngozi yenyewe. Chini kabisa kuna mfupa wa kifandugu unaokandamiza nyama dhidi ya godoro na kuibana damu isipite. Ngozi kavu inaweza kuustahimili uzito huo kwa muda. Iliyoloweka haiwezi. Mwaka 1962, muuguzi Mwingereza Doreen Norton na wenzake walitoa kipimo cha kukadiria mgonjwa gani yuko hatarini kupata vidonda vya kulalia, na kati ya mambo matano waliyoyapima, moja lilikuwa kushindwa kuzuia haja. Mwaka 1987 Barbara Braden na Nancy Bergstrom wa Marekani waliweka unyevu wa ngozi kati ya vigezo sita vya kipimo chao. Kidonda cha kifandugu kikishafunguka, kinaweza kuchukua miezi kufunga, na familia inaweza kuuza ng'ombe kwa ajili yake. Kazi ya kukizuia hufanyika mapema mno, wakati hakuna chochote cha kuona.

Figo za mtu mzima hutengeneza takriban lita moja na nusu ya mkojo kwa siku, wastani wa mililita 60 kwa saa. Kibofu huanza kupeleka habari kwenye ubongo kikifikisha mililita 150 au 200. Kikifika 400 au 500, habari inageuka amri. Mtu mzima mwenye afya huiahirisha amri hiyo bila kufikiri: amalize mazungumzo, ashuke kwenye matatu, afike nyumbani. Kiharusi kikipiga sehemu ya ubongo inayoahirisha, uwezo huo unapungua au unatoweka. Kati ya habari ya kwanza na kumwagika panabaki dakika chache, na ndani ya dakika hizo ndimo muuguzi anamofanyia kazi yake.

Kwa hiyo anahesabu. Katika nchi ya chai hesabu hiyo ina ratiba yake, maana chai hapa hainywewi kwa bahati: kuna ya asubuhi, ya saa nne, ya saa kumi, na anayekosa ya usiku hulala akilalamika. Mgonjwa akimaliza kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, maji yake hufika kwenye kibofu kwa kishindo zaidi ya kiwango cha kawaida, na kafeini inakichokoza kibofu kilichokwisha kuwa na haraka. Muuguzi anayeijua wodi yake anakumbuka birika lilipita kitanda gani saa ngapi. Baada ya chai ya saa nne anajua nani hatavuka saa tano.

Kwa haja kubwa anatumia uji. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana hujikunyata kusogeza kilichotangulia, na asubuhi msukumo huo una nguvu kuliko saa nyingine za siku. Hapo bedpani husuuzwa kwa maji moto, ikafutwa ikauka, isije ikamshtua mtu kwa ubaridi wake akajifunga, kisha ikafikishwa kitandani robo saa au nusu saa baada ya kifungua kinywa. Mgonjwa huinuliwa akae wima kadiri mgongo wake unavyoruhusu, maana hakuna utumbo unaopenda kufanya kazi mwenyewe akiwa amelala chali.

Halafu kuna hesabu ya miguu, na hii ndiyo inayonivutia kuliko zote. Mama aliyesimama kwenye mistari ya chai sehemu kubwa ya maisha yake, kapu mgongoni, mara nyingi huzeeka na miguu inayovimba. Mchana maji huteremka na kukaa kwenye vifundo. Usiku akilala, yanarudi kwenye damu, figo zinayapokea, na saa nane usiku kitanda kinalowa ingawa hakunywa kitu tangu magharibi. Mtu asiyejua atamnyima maji jioni, na bado atalowa. Muuguzi anayejua humnyanyulia miguu juu ya mto baada ya chakula cha mchana, akaiacha hapo saa mbili tatu, ili maji yale yaanze safari mapema na yatoke kabla ya usingizi. Tatizo la saa nane usiku limeshughulikiwa saa nane mchana. Hapakutumika dawa, wala kifaa, na hakuna atakayeandika popote kwamba jambo fulani halikutokea.

Mahesabu yote haya hukaa kwenye karatasi: saa, alichokunywa, alikutwa mkavu au amelowa, kiasi gani kilitoka. Siku tatu zikijaa, mpangilio huanza kujitokeza. Katika miaka ya 1980, John Schnelle na watafiti wenzake walifanya kazi kwenye nyumba za wazee nchini Marekani wakionyesha kwamba wazee wengi waliokuwa wameandikwa kuwa hawajiwezi walibaki wakavu zaidi mchana, iwapo mtu alipita kila baada ya saa mbili, akawauliza wako wakavu au wamelowa, akawakaribisha msalani na kuwapongeza walipofanikiwa. Ukimweleza utafiti huu muuguzi mzoefu wa Bomet atakusikiliza kwa adabu. Atakuuliza tu ni nani aliyekuwa akipita kila saa mbili, na alikuwa na vitanda vingapi.

Hesabu inakufikisha karibu na dakika yenyewe. Kinachobaki ni kumsoma mtu. Mzee wa Kikipsigis aliyelelewa katika adabu ya rika lake mara nyingi hatamwambia binti wa miaka 25 kwamba ana haja ndogo. Ataulizia kama mvua imekatika. Ataomba mwanawe wa kiume aitwe, ingawa anajua mwanawe yuko kiwandani mpaka jioni. Atalivuta blanketi hadi kifuani, atapitisha mguu mzima juu ya ule uliokufa ganzi, au atanyamaza katikati ya hadithi ya ng'ombe ambayo dakika moja nyuma alikuwa akiisimulia kwa mkono mzima hewani. Nimemwona muuguzi akiukamata ukimya huo kutoka kitanda cha tatu. Hakuja na chupa ya mkojo mkononi. Alisema tu, "Kugo," yaani babu, "tunyooshe mgongo kidogo," akavuta pazia, na mwenzake wa kiume akapitisha chupa chini ya blanketi kana kwamba anatengeneza shuka. Mzee alimalizia hadithi ya ng'ombe.

Kwa kina mama njia ni nyingine. "Kogo, tujitayarishe kabla chai haijafika," na kogo, yaani bibi, anageuzwa kana kwamba jambo zima ni maandalizi ya chai. Sauti huwa ya chini, na swali halielekezwi kamwe kwa wodi nzima. Muuguzi anayeuliza kwa sauti kutoka mlangoni, "Nani anataka bedpani?", atapata majibu kutoka kwa wale wasiokuwa na aibu, na vitanda vya wengine vitalowa.

Kuna ishara moja mbaya kuliko zote, nayo huonekana njema: mgonjwa anapoanza kukataa chai. Katika nchi hii mtu mzima kukataa chai ni habari. Mara nyingi ameamua kimya kimya kwamba asiponywa hatajiaibisha. Mkojo unakuwa mzito na mkali, unakichokoza kibofu zaidi, maambukizi yanapata nafasi, choo kinakuwa kigumu na kukibana kibofu kutoka nyuma. Muuguzi mwema huketi kando ya kitanda na kubembeleza kikombe kile kinywewe, akitoa ahadi papo hapo: "Kunywa, kogo. Nitakuja kabla." Ahadi hiyo ndiyo inayomfanya bibi anywe, na ikivunjwa mara moja, kikombe kinachofuata kitarudi kikiwa kimejaa.

Baada ya hesabu na kumsoma mtu, sasa nije kwenye kidole. Wapo wagonjwa ambao kulowa kwao kunadanganya. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kuwa na kibofu kilichojaa hadi karibu na kitovu, kisichoweza kujimwaga, na kinachofurika matone matone siku nzima. Shuka linasema anakojoa sana, na ukweli ni kwamba hakojoi. Muuguzi huweka kiganja bapa juu ya tumbo la chini, hulaza kidole cha kati, na kwa ncha ya kidole cha mkono wa pili hukigonga mara mbili, kwa wepesi, kifundo cha mkono kikiwa kimelegea. Anaanzia kwenye kitovu akiteremka. Juu ya utumbo wenye hewa sauti ni ya uwazi. Juu ya kibofu kilichojaa sauti hufifia, inakuwa nzito na fupi. Mpaka kati ya sauti hizo mbili ndio kimo cha mkojo. Ni kupiga hodi tumboni na kusikiliza jibu, na fundi mzoefu hulisikia jibu hilo hata wodi ikiwa na kelele za saa ya kuona wagonjwa, kwa sababu nusu ya kusikia huko hufanywa na kidole kilicholala.

Mbinu ya kugonga mwili na kusikiliza iliandikwa mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna aliyezaliwa Graz, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Inasimuliwa kwamba aliijua tangu alipomwona baba yake akigonga mapipa kujua yamebaki na divai kiasi gani. Na kifaa cha kisasa kinachosifiwa sana katika kazi hii, DFree cha kampuni ya Triple W ya Japani, kinafanya kitu hichohicho. Mwanzilishi wake, Atsushi Nakanishi, amesimulia hadharani jinsi alivyojichafulia nguo barabarani alipokuwa mwanafunzi Marekani, na jinsi aibu ile ilivyomfanya atafute njia ya mtu kuonywa mapema. Kifaa chake hubandikwa juu kidogo ya mfupa wa kinena. Kinatuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, mawimbi yanagonga kuta za kibofu na kurudi, na kadiri kibofu kinavyojaa ndivyo ukuta wa mbele na ule wa nyuma zinavyoachana. Kikifika kiwango kilichowekwa, simu inapokea ujumbe. Mwaka 2017 kilikuwa kimeshaanza kutumika kwenye nyumba za kulelea wazee huko Japani. Naupenda ubunifu huu kwa moyo wote, kwa sababu umetokana na mtu aliyeonja fedheha yenyewe akakataa kuifanya siri, na kwa sababu unauliza swali sahihi: kibofu kina kiasi gani sasa, siyo shuka limelowa kiasi gani.

Vitanda vingi vinavyoitwa janja bado viko kwenye swali la pili. Asili yao ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1904, Meinhard von Pfaundler, daktari wa watoto aliyefanya kazi Graz, aliandika kuhusu kifaa alichokiweka vitandani ili kengele iwaite wauguzi mtoto alipokojoa. Alitaka tu watoto wabadilishwe haraka. Baada ya muda aliona kwamba baadhi yao walianza kuamka wenyewe na kubaki wakavu. Mwaka 1938, wanandoa Hobart na Willie Mae Mowrer wa Marekani walitengeneza kitandiko cha namna hiyo kwa makusudi ya tiba. Siri yake ni chumvi. Mkojo una chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Weka njia mbili za chuma zilizotenganishwa na kitambaa kikavu, na tone la kwanza litakapokilowesha, njia zinaungana na kengele inalia. Miaka themanini baadaye, mwaka 2018, Hill-Rom ya Marekani ilipoleta mfumo wake wa WatchCare, kengele ilikuwa imegeuka kuwa mawimbi ya redio yanayosomwa na kitanda, na taa na ujumbe unaomfikia muuguzi. Vitanda vingine vina vipimo vya uzito chini ya fremu vinavyohisi mgonjwa anavyohangaika, na programu inayokusanya saa za kulowa siku baada ya siku hadi ianze kukisia inayofuata. Ni ile karatasi ya siku tatu, imepewa kumbukumbu isiyochoka. Muuguzi wa zamu ya usiku aliye peke yake na wodi nzima angeshukuru mno kupata kumbukumbu hiyo, nami namtakia aipate.

Ila kengele ikishalia, kitanda kimeshalowa, na hapo mikono lazima ijue la kufanya. Kubadilisha kitanda chenye mtu ndani yake ni kazi ya wawili. Vifaa hukusanywa kwanza, maana hakuna kumwacha mgonjwa amefunuliwa ukaenda kutafuta shuka. Blanketi la juu hubaki, na kila kitu hufanyika chini yake. Mmoja humgeuza mgonjwa ubavu kumwelekea yeye, mkono mmoja begani na mwingine kwenye nyonga, bila kumvuta, kwa sababu ngozi iliyolowa huchanika ikiburutwa. Wa pili hukunja shuka chafu kwa urefu hadi mgongoni, pamoja na mpira wa kitanda na lile shuka fupi la kati, upande uliolowa ukiingia ndani. Anaosha kwa maji ya uvuguvugu, kutoka mbele kwenda nyuma. Anakausha kwa kugusagusa, hasugui. Anapaka mafuta kidogo ya kukinga. Halafu shuka safi, ambalo nusu yake ilishakunjwa mapema, linalazwa kando ya lile chafu, na nusu ya kitanda tayari ni kavu.

Mgonjwa anavushwa mgongo wa mikunjo ile miwili. Hapa huambiwa kila mara, "Utahisi kamlima kidogo, usiogope," kwa sababu mtu aliyepooza akihisi kitu kisichoonekana chini ya ubavu hudhani anaanguka. Akifika upande mkavu, muuguzi wa pili huvuta lile chafu likatoka, na shuka safi likafuata nyuma yake hadi ukingoni. Kisha huvutwa likanyooka hadi lisiwe na kunyanzi hata moja. Kunyanzi moja chini ya kifandugu kwa usiku mzima huacha mstari mwekundu asubuhi. Mikono mizuri humaliza yote haya mgonjwa akiwa hajaonekana mwili, na nimewasikia wakizungumza naye kuhusu bei ya majani chai kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huulizwa kama bonasi ya chai imefika, na yeye, aliyekuwa amefumba macho kwa fedheha, huyafungua ili atoe maoni yake.

Eneo hili lina historia ya kutosikitikia uchache wa vifaa. Hospitali ya Tenwek, jirani na mji wa Bomet, ilianza mwaka 1937 kama zahanati ndogo ya wamisionari wa World Gospel Mission, na haikupata daktari wa kukaa hadi Ernie Steury alipofika mwaka 1959. Kwa miongo miwili ya kwanza, waliobeba mzigo walikuwa wauguzi. Umeme ulipokuwa shida, maporomoko ya mto Nyangores yaliyo jirani yaligeuzwa kuwa chanzo chake, na tangu mwaka 1987 hospitali ina mtambo wake wa umeme wa maji. Sitashangaa siku kitanda chenye vihisi kikifanya kazi vizuri hapo kuliko mahali pengine pengi. Shida haitakuwa umeme. Itakuwa kitambaa cha kunyonya chenye kihisi, ambacho hutumika mara moja na kutupwa, na ambacho lazima kinunuliwe tena kesho, kwa fedha za kigeni, wakati shuka la pamba hufuliwa mamia ya mara.

Ningewaomba wahandisi jambo moja zaidi, na nalisema kwa kuheshimu kazi yao. Taarifa isilie wodini. Kengele ya Pfaundler ilimwita muuguzi, lakini ilimtangazia kila mtoto chumbani ni nani aliyekojoa. Kwenye wodi ya wanaume ya Kericho au Bomet, ambapo mkwe na baba mkwe wanaweza kulazwa vitanda viwili vilivyopakana, mlio kama huo utamfanya mzee ang'oe nyaya kwa mkono wake mzima. Itetemeke mfukoni mwa muuguzi. Bora zaidi, imtetemekee mgonjwa mwenyewe kwanza, apate dakika zake chache za kusema kwa maneno yake kwamba mvua imekatika.

Wengi hata hivyo hawakai wodini. Wanarudi nyumbani, Sotik, Litein, Kapkatet, Silibwet, na ufundi lazima uende nao. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Cha kibofu hakimo, na pengine hakihitajiki kama kidole kimefundishwa. Kabla ya ruhusa, muuguzi humwita mtu atakayemlea mgonjwa, na kwa mzee humchagua mwanawe wa kiume au mtu wa rika linaloruhusu mambo haya. Anamfanyisha kitanda mara mbili, mzee akiwa ndani. Anamwonyesha kwamba nailoni ya ndani ya gunia la mbolea inatosha kulinda godoro, mradi ioshwe vizuri na ifunikwe kwa shuka la pamba lililokunjwa, kwa kuwa nailoni ikigusa ngozi hutoa jasho na jasho nalo ni unyevu. Anamwambia miguu iinuliwe mchana. Anamwambia chai isikatwe, ila ya mwisho iwe saa kumi na mbili. Anampa daftari la shule lililochorwa safu nne, pamoja na tarehe ya kurudi kliniki.

Siku hiyo ikifika, muuguzi hulifungua daftari kabla hajamfungua mzee shati. Anapitisha kalamu kwenye safu ya saa, anaweka duara kwenye zile mbili zinazojirudia, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa usiku, na kumwambia kijana aanze kuamka saa nane na dakika arobaini.